Mchele wa Harusi na Treni ya Mkutano

Ninyi mliokuja kwenye harusi ya binti yangu Feza, mkala mkate na ndagala wa ziwani, kisha mkarudi makwenu mkiulizana baba wa bibi harusi kakimbilia wapi, nimewasikia. Kalemie ni mji wa maneno. Nimesikia kwamba nina mke wa pili Kabalo. Nimesikia kwamba nimefungwa. Na jirani mmoja mwema, ambaye sitamtaja kwa kuwa anajijua, ameeneza kwamba nilikimbia gharama za chakula. Asanteni kwa kunifikiria vizuri. Ukweli ni mbaya zaidi: nilikuwa kwenye shughuli ya maendeleo.

Nitasimulia kituo kwa kituo, mara moja tu, ili nisisimamishwe tena njiani kila ninapokwenda kununua mkaa. Habari za vibali na mihuri nawaachia wanaozipenda.

## Kalemie hadi Niemba

Mnajua ninauza chumvi na sabuni karibu na stesheni. Sasa, wakubwa wa ofisi za serikali na wakubwa wa makampuni ya usafirishaji waliamua kukaa pamoja huko Kabalo, wapange namna mizigo itakavyosafiri katika mkoa wetu. Wakaunda Kamati ya Pamoja. Kamati ilihitaji mfanyabiashara mdogo mmoja, isije ikasemwa wadogo hawakushirikishwa, na mdogo aliyekuwa karibu na mlango nilikuwa mimi.

Nilikubali haraka, lakini si kwa kupenda mikutano. Mama mkwe wangu, Mama Ilunga, anaishi Kabalo. Msimu mzima alikuwa amelima mpunga kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake, na alikuwa ametukataza kununua hata kikombe kimoja cha mchele mjini. Treni ya mkutano ilikuwa inakwenda Kabalo Jumatatu na kurudi Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Nikasema Mungu hamtupi mja wake: nitakwenda nikapige makofi panapohitajika, kisha nirudi na bibi na mchele wake. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani, na jingine hakuna.

Treni ilikuwa na behewa moja la wajumbe, lenye viti, na nyuma yake mabehewa ya mizigo. Juu ya mizigo walikaa wenye mizigo, kama ilivyo siku zote. Ninyi mnalijua hilo, ila Mratibu wa Kamati hakulijua, ndiyo maana nalieleza: kwetu mzigo hausafiri peke yake. Mwenye chumvi hukaa juu ya chumvi, mwenye saruji ya Kabimba hukaa juu ya saruji. Hupika hapo, hulala hapo, hufuga na kuku hapo, na treni ikisimama mahali hupiga kelele mpaka iondoke. Hakuna aliyetufundisha. Tumezaliwa tukaikuta.

Asubuhi nzima tulisubiri viti vya plastiki vya mkutano vipakiwe. Kabalo kuna viti vingi, lakini havina nembo ya Kamati.

Kabla ya kufika Niemba injini ikazimika porini. Mafuta yamekwisha. Uchunguzi ukafanywa papo hapo, ikaonekana kwamba upande wa serikali ulijua mafuta ni kazi ya makampuni, na upande wa makampuni ulijua mafuta ni kazi ya serikali. Hotuba kila upande ulikuwa nazo, tena zimechapwa vizuri. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ndugu wawili wakitegemeana wote hufia porini.

Mratibu, kijana mwenye miwani safi na sauti ya redioni, alisimama akatutuliza.

"Ndugu wajumbe, hii ni fursa ya kujifunza."

Tulijifunza mpaka jua likapita kichwani. Mama mmoja akashuka kutoka juu ya magunia yake na beseni la mahindi ya kuchoma, akaja chini ya dirisha letu.

"Bapapa ba mukutano," akauliza, "mutakula ao mutapanga?"

Wajumbe walikula. Hapo ndipo pande zote mbili zilipokubaliana kwa mara ya kwanza. Mafuta yaliletwa na pikipiki kutoka Niemba, mitungi imefungwa kwa kamba za mpira, na waliochanga kuyanunua walikuwa wale waliokaa juu ya mizigo, kwa sababu ndio waliokuwa na haraka.

## Kabalo

Kabalo walitupokea vizuri: samaki wa Lualaba, ugali wetu wa bukari wa moto, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese ya kutosha. Mkutano ulifunguliwa na upande wa serikali, ukafunguliwa tena na upande wa makampuni, kisha ukaahirishwa ili watu wapumzike baada ya kufungua.

Siku ya mwisho lilipita azimio. Mratibu alilisoma kwa sauti yake ile: kuanzia sasa mzigo utakwenda peke yake na watu peke yao, kama inavyofanyika kwa walioendelea. Ili kuonyesha mfano, behewa moja litapakiwa, litafungwa kwa lakiri, ile mnayoiita plombe, nalo litakwenda mpaka Kalemie bila mtu ndani wala juu. Makofi. Ikatafutwa mali ya kuweka humo. Wenye makampuni wakatazama dari. Mratibu akanitazama mimi.

"Mjumbe wetu mdogo ana mchele, sivyo? Mchele wa mkulima wa kijijini! Hakuna picha nzuri kuliko hiyo."

Nikasema mchele si wangu, ni wa mama mkwe, na mwenyewe anasafiri nao. Wakapiga makofi tena. Nadhani hawakusikia mwisho.

Hapa lazima nieleze mambo ya nyumbani. Sisi Waluba, mtu hatazamani usoni na mama mkwe wake, wala hali naye. Tangu nimuoe binti yake, Mama Ilunga hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Husema na kitu kilicho karibu nami, nami hukijibu kitu hicho. Tumeelewana hivyo miaka yote, kuliko ndoa nyingi ninazozijua hapa mtaani.

Aliposikia habari alikuja mpaka ukumbini, akasimama nje, akageuza uso.

"Mulango," aliuambia mlango, "mukwe yangu alisema mimi na muchele tutapanda pamoja. Sasa nasikia muchele inaenda yenyewe. Muchele iko na miguu?"

Nikauambia mlango kwamba hata mimi nimeshangaa.

Mratibu akatoka kumwelimisha. Yeye si mkwe wake, kwa hiyo Mama Ilunga alimkodolea macho vizuri.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Behewa litakuwa na lakiri."

"Hiyo plombe, wakiacha wago mu njia, inajua kupiga kelele?"

"Halitaachwa, mama. Imepangwa."

"Imepangwa," Mama Ilunga akauambia mlango, kama mtu anayemwonyesha mwenzake samaki aliyeoza.

Mratibu si mtu mbaya. Alimpa nafasi katika behewa la wajumbe, akamshika mkono, akampandisha mwenyewe. Mama Ilunga akatazama ndani. Viti vya behewa lile vinatazamana, na wote tunakula humo humo.

"Nikae magoti kwa magoti na mukwe yangu? Tutafune pamoja? Batu baone?"

Akashuka. Juu ya behewa la mizigo ingewezekana: yeye mwanzo, mimi mwisho, magunia katikati, kila mtu na upande wake wa dunia. Lakini juu ya behewa ndiko kulikopigwa marufuku. Katika mipango yote ya pande zote mbili, hakuna aliyekumbuka kwamba abiria anaweza kuwa na mkwe.

Siku ya kuondoka alikuja kuuaga mchele wake. Aligonga ubao wa behewa kwa ngumi.

"Muchele, utangulie. Mimi nitakufuata na pikipiki."

## Kabalo hadi Niemba

Tuliondoka Alhamisi, sawasawa na mpango, jambo lililomfurahisha Mratibu hadi akanywa soda mbili. Mbele injini, kisha sisi wajumbe, kisha behewa la viti vya plastiki, na mwisho behewa la mfano, limefungwa, halina mtu hata mmoja juu.

Juu ya viti alikaa mlinzi. Nilimwuliza Mratibu kwa heshima zote, mbona viti vina mtu? Akanieleza kwamba viti si mzigo, ni vifaa.

Nyunzu tulisimama muda mrefu. Injini ilikuwa imechoka. Mafundi walizunguka wakigonga hiki na kile, nasi ndani tukagawiwa wali na kuku, na mjumbe mmoja wa makampuni akatoa neno la shukrani kwa serikali, na mjumbe wa serikali naye hakukubali kushindwa. Treni ikaondoka ikiwa nyepesi kidogo. Wote tuliliona hilo. Mratibu akasema ni faida ya kutopakia watu.

Niemba niliteremka kujinyoosha, nikaenda nyuma kuusalimia mchele. Nyuma ya behewa la viti palikuwa na reli tu.

Mlinzi wa viti aliniangalia kutoka juu.

"Balikata ile ya mwisho kule Nyunzu, Papa. Mi nilizani munajua."

Nilimkimbilia Mratibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tuseme limechelewa kiutaratibu."

"Harusi ya mwanangu ni keshokutwa."

"Tutaliweka kwenye ripoti," akasema, na nilipomwangalia usoni nikaona kweli anadhani amenisaidia.

## Niemba hadi Nyunzu, kwa pikipiki

Siku iliyofuata nilirudi nyuma kwa pikipiki, huku wajumbe wakiendelea na safari ya nyumbani. Barabara ile msiniulize. Kuna madaraja ya magogo mawili ambayo dereva huvuka kwa imani, na abiria kwa miguu. Tulianguka kwenye matope, tukala ndizi, tukaanguka tena. Wote waliokuwa wakiniona na kitambulisho cha Kamati shingoni walinipisha njia wakidhani nimekuja kuitengeneza.

Behewa la mfano lilikuwa kwenye reli ya kando pale stesheni ya Nyunzu, nyasi zimeyazunguka magurudumu. Na juu yake, chini ya mwavuli mwekundu, alikuwa amekaa Mama Ilunga. Alikuwa ametoka Kabalo kwa pikipiki kama alivyoahidi. Alipofika Nyunzu akaliona behewa kutoka barabarani, akamlipa dereva, akapanda. Aliponisikia aligeuka akanipa mgongo, kama adabu inavyotaka.

Aliyelikata ni mpanga mabehewa wa pale, Papa Kabwe, mtu mpole mwenye kofia ya sufu hata mchana wa jua. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Alisikitika kuliko mimi.

"Papa, mashine ilishindwa kuvuta. Balituambia tuache wago moja. Tukaangalia, moja iko na muntu juu ya viti. Hii hapana muntu. Hapana kuku, hapana mama anapika, hapana hata mumoja wa kututukana. Tukasema hii njo ya bule. Nani anaacha muzigo bila muntu?"

"Kamati ya Pamoja," nikajibu.

"Yo! Basi bangeweka hata kuku."

Nilimpigia mke wangu simu. Akasema wakwe wa Feza kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wameshafika, boti yao inarudi Jumapili, haiwezekani kusogeza siku. Nikamwambia nitamchukua mama yake kwa pikipiki, mchele ubaki, tufike kesho hata kama tumejaa matope. Nikaliambia hilo behewa kwa sauti kubwa, ili na yeye asikie.

"Wago," akajibu Mama Ilunga bila kugeuka, "mukwe aende. Mutoto wake anaolewa. Mimi nikishuka, wewe unakuwa tena ya bule. Kesho watakusukuma mu pori. Na mimi siendi kwa harusi ya mujukuu mikono mitupu, baseme bibi alikuja kula."

Mke wangu alikuwa bado kwenye simu, amesikia yote.

"Usimwache mama yangu peke yake juu ya behewa," akasema. "Feza ana baba mdogo wake atakayesimama. Mama hana mwingine huko."

Sasa mnajua. Jumamosi, wakati ninyi mnaimba, mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa behewa Nyunzu, mama mkwe mwanzo, magunia chini yetu, na lakiri imefungwa vizuri kabisa. Papa Kabwe alituletea bukari na munkoyo wa mahindi wa kunywa, akaweka sahani mbili mbali mbali bila kuambiwa. Saa ya kanisa ilipofika nilisikia Mama Ilunga anaimba polepole wimbo wa kutoa binti, akiimba na kuitikia mwenyewe. Nililia. Naandika hivyo hivyo nilivyofanya, wala sitasema ni vumbi la reli. Mtoto mwenyewe ni mmoja, na siku yake ilikuwa moja.

## Nyunzu hadi Kalemie

Mtauliza treni ilitujia vipi. Kwa ajili ya harusi injini haikupatikana: mara mbovu, mara mafuta, mara upande huu unasubiri upande ule. Lakini Jumatatu Kamati ilikuwa imealika wageni Kalemie kupokea behewa la mfano, mpiga picha amekodiwa, na ikakumbukwa kwamba behewa halipo. Jumapili mchana injini ikaja Nyunzu peke yake, mbio, imejaa mafuta ya pande zote mbili.

Tulirudi migongo ikitazamana. Kila tuliposimama Mama Ilunga alipiga kelele, na kila alipopiga kelele tuliondoka.

Stesheni ya Kalemie ilipambwa kwa utepe. Vile viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa mistari, vimefika salama tangu Ijumaa. Mratibu akaona mwavuli mwekundu unakuja, akatukimbilia kabla hatujafika kwenye utepe.

"Mama, tafadhali, shuka kidogo tu. Dakika moja. Behewa lifike bila mtu, kisha utapanda tena."

Mama Ilunga akamwangalia kutoka juu.

"Mulilipeleka bila muntu, likapotea. Mimi njo nimelileta. Upige picha yako."

Ikapigwa. Mkipita ofisi ya Kamati mtaiona ukutani: behewa, utepe, Mratibu anatabasamu. Imekatwa sehemu ya juu. Ukiangalia karibu utaona visigino viwili vya bibi.

Watu walipotawanyika aliteremka mwenyewe, akasimama kando ya magunia yake yaliyokuwa yamepakuliwa. Nilisubiri aongee na gunia. Akageuka, akanitazama usoni. Nilishtuka nikainamisha macho, lakini alisubiri mpaka nikayainua. Sikuwa nimewahi kujua kwamba Feza ana macho yake.

"Papa Feza," akasema, "mutoto alilia?"

Hapakuwa na mlango wa kujibu. Nikamjibu yeye.

"Alilia, mama. Nimeambiwa kwa simu kwamba aliweka kiti chako mbele, karibu na chake, akakataza mtu yeyote asikikalie. Kilibaki vile mpaka watu wakaondoka."

Aliweka mkono juu ya gunia.

"Njo kusema iko Kigoma sasa."

"Walivuka jana."

"Na boti ya Kigoma inatokea wapi?"

Kwa hiyo, rafiki zangu, mchele ule msiusubiri. Ulipandishwa boti ya mizigo ya Kigoma siku iliyofuata pale bandarini. Karani akataka magunia yateremshwe tumboni mwa boti na bibi aende kukaa mbele na abiria wenzake. Nilikuwa bado na kile kitambulisho shingoni, nikakiinua, nikamwambia karani kwa niaba ya Kamati ya Pamoja kwamba mzigo huu hauendi bila mtu. Akakubali mara moja. Ni faida pekee niliyowahi kuipata kutoka kwenye mkutano ule.

Mama Ilunga akakaa juu ya magunia, akafungua mwavuli. Boti ikaanza kurudi nyuma kutoka gatini. Nilisimama nikimtazama mpaka mwavuli ukawa mdogo, na safari hii hakunipa mgongo.